Ukili wa shaba: namna ya kufunga na kutunza viungio vya kusuka vya umeme huku kwetu Malindi penye chumvi

Ukifungua paneli kubwa ya umeme, au ukiinama nyuma ya jenereta pale kebo zinapotokea, utaona mkanda bapa wa shaba uliosukwa, laini, unapindika kwa mkono, huku una kichwa kigumu na kule una kichwa kigumu, kila kimoja na tundu lake la boliti. Mafundi wengi tunauita braidi. Mimi nilipouona mara ya kwanza nikamkumbuka bibi yangu akisuka ukili wa mkeka barazani, manake ni kazi ileile, nyuzi zinapanda zinashuka zinapishana mpaka inakuwa ukanda, tofauti ni kwamba huu ni wa shaba na unapitisha amp mia na zaidi. Tangu hapo nauita ukili wa shaba, vijana ninaofanya nao kazi wameshazoea, na humu ntauita hivyohivyo.

Naandika haya sababu Malindi hii, na Watamu, na kule Mambrui, jenereta za mahoteli na nyumba za wageni na mashine za barafu za samaki ni nyingi, karibu kila moja ina hivi viungio, na huku kwetu vinakufa mapema. Watu wanabadilisha brika, wanabadilisha kebo, wanamwita mtu wa injini atoke Mombasa, kumbe ugonjwa uko kwenye kipande cha sentimita 30.

Tuanze na kazi yake, sababu ukiielewa kazi yake nusu ya makosa hutayafanya. Watu huuliza, kwa nini nisifunge tu bapa la shaba gumu nikamaliza? Jenereta zetu nyingi injini inazunguka mara 1500 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 90,000 kwa saa moja, na stima ikipotea jioni ikarudi asubuhi piga hesabu mwenyewe imetikisika mara ngapi. Bapa gumu likifungwa kati ya kitu kinachotikisika na kitu kilichosimama, shaba inazidi kuwa ngumu pale inapopindwa, kama waya ukiukunja na kuukunjua mkononi, mwisho inapasuka, na kama haijapasuka basi inalegeza boliti au inavunja terminali. Transfoma nayo inatikisika, ule mvumo unaousikia ukisimama karibu ni chuma chake kinatetemeka mara 100 kwa sekunde. Halafu kuna joto. Shaba ya mita moja ikipanda digrii moja inarefuka kama milimita 0.017, utasema si kitu, lakini basbaa (lile bapa refu la shaba linalogawa umeme ndani ya paneli) ya mita 6 ikitoka digrii 30 asubuhi ikafika 80 mzigo wote ukiwa juu inarefuka milimita 5, na hizo milimita 5 lazima zipate pa kwenda, zisipopata zinasukuma boliti. Ukili unakaa katikati unayameza hayo yote. Kazi yake ni kulegea, basi. Ukiufunga umevutika kama kamba ya jahazi umeuua siku hiyohiyo ya kwanza.

Na ulaini huo unatoka wapi? Kwenye wingi wa nyuzi. Ukili wa milimita mraba 70 uliosukwa kwa nyuzi za milimita 0.15 una nyuzi karibu 4,000. Sasa sikiliza hapa sababu ndipo penye siri yote ya pwani: ukichukua hiyo milimita mraba 70 ikawa nondo moja ya shaba, mzunguko wa ngozi yake ni kama sentimita 3 tu. Ukiigawa nyuzi 4,000, ngozi zote ukizijumlisha zinafika karibu mita 1.9, mara 60 na zaidi. Yaani chumvi iliyokuwa na sentimita 3 za kula sasa ina karibu mita 2. Na zile nafasi katikati ya nyuzi zinanyonya maji kama utambi wa kandili, chumvi ikishaingia inavuta unyevu wa hewa yenyewe hata siku isiyo na mvua, na mahali pa mwisho kukauka ni shingoni, pale nyuzi zinapoingia kwenye kichwa.

Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka juzi nyumba moja ya wageni karibu na bahari, sitaitaja, nilikuwa nimeipitia jenereta yao ya kVA 60 (kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta), nikaangalia ukili wote katikati, nikaona umetulia, rangi yake shaba, nikafunga mlango nikaandika iko sawa. Miezi miwili baadaye, kusi inavuma, stima ikapotea usiku, jenereta ikawaka na ukili wa nyutro, ile njia ya kurudia umeme, ukakatika shingoni. Ndani ya kile kichwa shaba ilikuwa imegeuka unga, kijani na nyeusi. Nyutro ikikatika kwenye fezi tatu (fezi ni zile njia zinazoleta umeme) zile volti 415 zinagawana ovyo, fezi yenye mzigo mkubwa inashuka na yenye mzigo mdogo inapanda kupita 240 kwa mbali, usiku ule zikaungua friji mbili na televisheni kadhaa. Asubuhi mama mwenye nyumba akaniambia, "Mwanangu, si ulinambia iko sawa?" Sikuwa na jibu la kumpa. Friji moja nililipa mimi, na tangu siku hiyo siangalii ukili katikati, naanza shingoni.

Sasa kazi yenyewe. Hii ni kazi ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ya daraja linaloruhusu mzigo huo, na kama wewe ni mwenye nyumba au meneja soma tu ujue cha kumuuliza fundi.

Hatua ya kwanza ni kuzima, na jenereta huzimwa kuwili. Jenereta nyingi za mahoteli zinawaka zenyewe stima ikipotea, wewe uko na spana mkononi, huko nje nguzo imeanguka, mashine inaguruma. Kwa hivyo weka swichi yake kwenye kuzima, bonyeza kile kitufe chekundu cha dharura, halafu fungua kebo ya hasi ya betri uiweke kando kabisa. Zima na upande wa stima ya nje, piga kufuli, ufunguo mfukoni mwako usimpe mtu hata akiwa bosi. Na siku hizi uliza kama kuna sola yenye betri, manake inveta inaweza kurudisha umeme kwa mlango wa nyuma. Kisha pima, tena upime kwa njia inayostahili: jaribu kipimo chako kwanza mahali unapojua pana umeme uone kinafanya kazi, pima pale unapotaka kushika, fezi kwa fezi, fezi kwa nyutro, kila moja kwa ethi (waya wa ardhi), halafu rudi ukijaribu tena mahali penye umeme. Hiyo ya kurudi ndiyo watu wanairuka, na kipimo kinaweza kufa katikati ya kazi kikakwambia sifuri huku ziko 415.

Hatua ya pili, kufungua ule wa zamani na kuusoma. Piga picha kwa simu kabla hujagusa. Angalia rangi: hudhurungi iliyoiva ni kawaida, shaba ikikaa hewani inakuwa hivyo. Nyeusi iliyokolea karibu na boliti pekee ni joto. Kijani au buluu ni chumvi na unyevu. Kama umepakwa bati utakuwa wa rangi ya fedha (bati hapa nasema ile madini inayopakwa juu ya shaba, si bati la kuezekea), na ukiona fedha imegeuka kijivu iliyofifia si neno, lakini ukiona vidoa vya kijani vinatokeza jua bati limeliwa chini yake. Halafu ushike kichwa kimoja mkono huu na ukili wenyewe mkono ule, upindepinde taratibu shingoni. Ukili mzima unalegea kimya kama kitambaa. Uliokufa unakwaruza, unasikia vinyuzi vinakatika tiki tiki, na ukiupiga juu ya karatasi nyeupe unadondosha unga. Ukisikia hivyo usiurudishe. Nyuzi chache zilizokatika pembeni kwa kukwaruzwa na chuma unaweza kuvumilia ukapanga kubadilisha, zilizokatika shingoni hata zikiwa chache mimi sivumilii, sababu hizo unazoziona ni za nje, za ndani huzioni.

Hatua ya tatu, kuchagua mpya. Hapa ndipo pesa inapotea au inapookolewa kwa hivyo twende polepole. Anza na amp. Jenereta ya fezi tatu, chukua kVA zidisha kwa 1000, gawa kwa 1.732, gawa tena kwa 415. Ya kVA 100 inakupa amp 139, ya 200 inakupa 278. Katalogi za viwanda zinakubali ukili ubebe amp nyingi kwa kila milimita mraba lakini hizo ni za chumba chenye hewa ya baridi, sisi chumba cha jenereta mchana wa mwezi wa tatu ni tanuri, kwa hivyo mimi sizidi amp 2.5 kwa kila milimita mraba. Amp 139 gawa kwa 2.5 ni kama 56, saizi ya juu yake inayopatikana ni 70, chukua 70. Amp 278 ni 111, chukua 120. Ukikosa ukili mmoja mnene unaweza kubeba miwili myembamba ubavu kwa ubavu, lakini iwe sawa kabisa urefu na saizi, ikitofautiana mmoja utabeba mzigo wa mwenzake.

Nyutro usiipunguze. Zamani watu walifunga nyutro nusu ya fezi, kwamba mizigo ikilingana nyutro inabaki haina kitu. Siku hizi nyumba zimejaa taa za LED, AC za inveta, chaja, vifaa hivi vinavuta umeme kwa vipande vipande, na baadhi ya mikondo hiyo ya fezi zote tatu haifutani kwenye nyutro, inajumlishana. Nimeweka klampu mita, kile kipimo cha amp kinachobana waya kwa nje, kwenye nyutro ya nyumba moja ya wageni pale Maweni nikakuta amp zake zinakaribia za fezi na mizigo ilikuwa imelingana vizuri tu. Nyutro saizi moja na fezi, kila mara.

Kuhusu bati: huku kwetu nunua uliopakwa bati, na uwe umepakwa kila uzi kabla ya kusukwa, si ule uliochovywa ukishasukwa, manake wa kuchovya bati linaweza kuziba katikati ya nyuzi ukawa mgumu, na ule mkavu wa ndani haukupata kinga. Muulize muuzaji, na kama hajui fumua uzi mmoja kwenye ncha uukwangue uangalie. Bei iko juu kidogo, kweli, lakini ukikaa Gongoni au Marereni karibu na mabwawa ya chumvi shaba tupu haikai. Kichwa nacho kiangalie: kizuri ni kipande cha bomba la shaba lisilo na mshono kilichobanwa kwa mashine mpaka nyuzi na bomba zikawa kama kitu kimoja, ukichungulia kwenye tundu la boliti huoni nafasi kati ya uzi na uzi. Ukiona vitundu kama sega la nyuki hicho hakikubanwa vya kutosha, chumvi itaingia humo.

Usitengeneze kichwa kwa kulehemu na risasi. Najua inafanyika, nilifanya pia nilipokuwa naanza. Risasi ya kawaida ya mafundi inaanza kuyeyuka karibu digrii 183, kiungio kikishika joto inalegea, na kabla hata ya hapo ile risasi inanyonywa na nyuzi inapanda sentimita mbili tatu ndani ya ukili, pale inapoishia panakuwa na mpaka kati ya kigumu na laini, na mtikisiko wote unakwenda kukata pale. Kama ni lazima utengeneze mwenyewe, funga tepu kwa nguvu pale unapokata ili zisifumuke, kata katikati ya tepu kwa mkasi wa kebo, ingiza kwenye kichwa cha saizi yake, bana kwa mashine ya haidroliki yenye meno ya saizi hiyohiyo. Nyundo na patasi si mashine ya kubania.

Urefu. Pima kutoka tundu hadi tundu vitu vikiwa vimesimama, halafu ongeza. Mimi kwenye jenereta huongeza sentimita 3 hadi 5 kwa kila sentimita 30 ili ukili ukae na tumbo kidogo, umelegea kama machela ya kulalia na si kama uzi wa kuanikia nguo. Ukizidisha nao unaning'inia unagusa chuma au unagusa fezi ya jirani, na siku ya shoti, mikondo mikubwa ya fezi mbili inasukumana kwa nguvu, ukili mrefu unarushwa kama mjeledi. Kwa hivyo tumbo liwepo lakini dogo, na zote tumbo zielekee upande mmoja.

Hatua ya nne ni kuandaa nyuso. Umeme haupiti kwenye boliti, unapita pale uso wa kichwa unapogusana na uso wa basbaa, boliti kazi yake ni kubana tu. Ndio maana nikiona mtu ameweka washa ya chuma katikati ya kichwa na basbaa, kwamba imsaidie kujaza nafasi, moyo unaniuma, manake chuma kinapitisha umeme vibaya sana ukilinganisha na shaba na ameweka jiko dogo katikati ya kiungio chake. Washa ziko nje, upande wa kichwa cha boliti na upande wa nati, hazina kazi ndani. Basbaa ya shaba tupu ipitishie msasa laini au brashi ya waya mpaka ing'ae, ukwangue kuelekea upande mmoja tu usizungushe, pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu na spiriti. Ukili uliopakwa bati na basbaa iliyopakwa bati usizipige msasa, utaondoa kinga uliyoilipia, pangusa tu. Baada ya hapo paka mafuta ya viungio vya umeme, au vaselini safi, kidogo kabisa, kama unavyopaka midomo, na funga papo hapo. Grisi ya bearingi za gari usipake.

Kama upande wa pili ni alumini, simama. Shaba ikigusana na alumini mahali penye unyevu wa chumvi inakuwa kama betri, na anayeliwa ni alumini. Hapo tumia kipande cha madini mawili, upande mmoja alumini upande mmoja shaba, au angalau ukili uliopakwa bati pamoja na mafuta ya viungio, na hiyo angalau ni ya ndani ya nyumba tu, nje hapana.

Hatua ya tano, kufunga. Boliti zote mbili ziingize kwa mkono kwanza, ukili ukae wenyewe bila kujipinda kama kamba ya kitanda, kisha ndio ukaze. Washa pana ya kawaida, juu yake washa ya kikombe au ya springi, sababu kiungio kinapanda joto na kushuka na kitu cha springi ndicho kinachoendelea kubana. Tumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm. Kiwanda kikiandika kipimo fuata chake, wasipoandika mimi kwa boliti za chuma za 8.8 (namba ya uimara iliyoandikwa kichwani mwa boliti) kavu naweka Nm 20 kwa M8, 40 kwa M10, 70 kwa M12. Za stenlesi napunguza kama robo, ni laini zaidi, na nyuzi za boliti yenyewe napaka mafuta maalumu manake stenlesi kwa stenlesi inagandana ukabaki na boliti isiyokaza wala kufunguka. Kukaza kupita kiasi si nguvu, shaba ni laini, unaibonyeza inatanuka na baada ya wiki mbili imelegea yenyewe. Ukishamaliza chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati mpaka kwenye basbaa, siku nyingine ukipita na tochi unaona tu kama mstari umekatika.

Wakati wa kukaza shika kichwa kwa spana ya pili au koleo kisizunguke. Kichwa kikizunguka na boliti unaona ukili umejisokota, na msokoto huo unakata nyuzi za pembeni polepole.

Kisha shingo. Hili ndilo jambo nililobadilisha baada ya ile ya nyutro na nashukuru sana. Mpira ule unaosinyaa ukiupigia moto, chukua wenye gundi ndani, kata kipande cha sentimita 5 hivi, uvishe ufunike nusu ya kichwa na mwanzo wa nyuzi, upigie moto mpaka gundi itokeze kidogo pembeni. Usifike kwenye uso wa kugusana na boliti. Uvishe kabla hujafunga ukili, si baada, halafu sehemu ya katikati unaweza kuvisha mpira mwingine usio na gundi ili isigusane na fezi nyingine, ukikumbuka kwamba ukili uliovikwa unashika joto zaidi ya ulio wazi, ndio sababu nyingine ya ile 2.5 yangu.

Milango ya paneli na vifuniko ntapita haraka. Mlango wenye kitu cha umeme juu yake, mita, swichi, taa, usitegemee bawaba kuwa ethi, weka ukili wake, kwa kifaa kinachozidi amp 63 usishuke chini ya milimita mraba 10. Kwangua rangi mpaka uone chuma, washa ya nyota, na ukishafunga paka rangi au vaselini juu kuzunguka ili kutu isianze pale ulipokwangua. Fungua mlango mpaka mwisho uone ukili hauvutiki, ufunge uone haubanwi. Tangi la dizeli na fremu ya jenereta vivyo hivyo, na nyaya za ethi kuu fuata saizi ya fezi: fezi mpaka milimita mraba 16 ethi sawa nayo, fezi kati ya 16 na 35 ethi 16, zaidi ya 35 ethi nusu ya fezi, hiyo ni kwa shaba zote mbili.

Hatua ya sita ni kupima, na usiondoke bila hii. Rudisha umeme, weka mzigo wa kweli, washa AC, washa pampu, subiri kama saa moja. Sasa multimita kwenye milivolti za AC, yenye waya na ncha za daraja linalofaa umeme wa paneli, CAT III au IV ya volti 600, glavu mkononi, gusa basbaa upande huu wa ukili na upande ule, si kwenye kichwa cha ukili, ili uhesabu na maungio yote mawili. Ukili wa 70 wenye urefu wa sentimita 30 ukipitisha amp 100 wenyewe unakula kama milivolti 8, maungio mazuri yanaongeza kidogo, kwa hivyo ukiona 9 au 10 umefanya kazi nzuri. Ukiona 40 kuna wati 4 zinachoma mahali fulani kati ya hizo ncha mbili, na mzigo ukiongezeka mara mbili joto linakuwa mara nne. Sogeza ncha moja kichwani, halafu shingoni, utaona ni wapi milivolti zinaruka, hapo ndipo ugonjwa. Linganisha fezi tatu, lakini gawa milivolti za kila moja kwa amp zake kwanza, sababu mizigo hailingani.

Bunduki ya kupima joto nayo nzuri, ya mafundi, manake ile ya kliniki inapima joto la mwili tu. Ila shaba au bati linalong'aa linaidanganya, inasoma baridi wakati pana moto, sababu chuma king'aavu hakitoi miale ya joto vizuri. Dawa yake ni kubandika kipande kidogo cha tepu nyeusi ya umeme kichwani mwa ukili wakati umeme umezimwa, ukiacha kishike joto, halafu unapima juu ya tepu. Niliwahi kuonyesha kijana mmoja, pembeni ya tepu alisoma 41, juu ya tepu 78, kiungio kilekile. Akanitazama tu, "Fundi, kumbe siku zote nilikuwa napima uso wa chumba."

Baada ya wiki mbili au tatu rudi ukague ile mistari ya rangi, ukikuta nati imesogea kaza mara moja kwa kipimo kilekile, umeme umezimwa. Baada ya hapo mimi napitia mara mbili kwa mwaka: kabla kusi haijaanza, manake bahari ikichafuka ile rasharasha inafika mbali kuliko watu wanavyodhani, na tena ikishatulia, kabla ya wageni wa Desemba mzigo haujapanda.

Usafishaji, kuna jambo nataka niliseme kwa msisitizo. Kwetu shaba inasafishwa kwa ndimu na chumvi, au ukwaju, buli la bibi linang'aa kama jua. Ukili usiuguse na hivyo kamwe. Asidi ile inaingia kati ya nyuzi 4,000, huwezi kuisuuza ikatoka yote, nje unang'aa ndani unaliwa, na umeongeza chumvi juu yake. Ukili wenye vumbi na chumvi kavu tu, ufungue, usuuze kwa maji yasiyo na chumvi, si ya kisima cha karibu na bahari, utikise, ukauke kwa hewa ya kupuliza na jua mpaka shingoni kweli kumekauka, ndio urudishe. Wenye kijani shingoni hausafishwi, unabadilishwa.

Na angalia chumba chenyewe. Mahoteli mengi yanaweka ndoo za klorini ya bwawa la kuogelea kwenye chumba cha jenereta sababu ndicho chenye nafasi na kufuli. Mvuke wa klorini unakula shaba hata bahari ingekuwa mbali. Zihamishe hizo ndoo kwanza kabla hujanunua ukili mpya, na kipande cha akiba cha nyutro, kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuandikwa saizi na urefu wake, kiweke kwenye droo ya ofisini kwa meneja.